Baba alikuwa mgeni, alikuwa mkali, alikuwa mwandishi: tumwandikeje?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Pasua, hapa Moshi. Baba yetu alifariki Novemba mwaka jana akiwa na miaka 86. Alizaliwa Nkhata Bay, Malawi, enzi hizo nchi ikiitwa Nyasaland. Mambo ya Banda, kiongozi wa kule, yalipochacha akavuka mto Songwe mwaka 1965, akapata ukarani kwenye kahawa hapa Moshi, akamwoa mama, mtu wa Old Moshi. Kwa zaidi ya miaka 40 aliandika barua magazetini, nyingine kwa jina lake, nyingine akisaini "Mgeni wa Siku ya Tatu". Ametuachia tranka tatu za nakala. Alikuwa mtu wa misimamo. Hata wajomba walipompa sehemu ya kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, alikataa, akasema azikwe makaburi ya mjini, na ndiko alikolala.

Sasa tunataka kijitabu cha kugawa kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwaka. Kaka mkubwa anataka iandikwe tu kuwa baba alikuwa mkazi wa Moshi, habari za Nyasaland zisiguswe. Wajomba wanataka barua za kahawa za 1976 ziachwe, kwa sababu zinamgusa mmoja wao aliyekuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Na ipo barua ya 1983 ambayo mama hataki hata kuisikia: baba alimtaja jirani mwenye duka kuwa anaficha bidhaa. Jirani akawekwa ndani miezi mitatu, akatoka bila kukutwa na kosa. Chini kabisa ya tranka moja nimekuta barua aliyomwandikia huyo jirani mwaka 1991. Haikutumwa. Mimi ndiye niliyepewa kalamu. Nianzie wapi, na nini niache?

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mwaka mmoja ni mfupi kwa msiba wa baba, na najua nyumba inavyokuwa pale kiti chake kinapobaki pale pale na hakuna anayekikalia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile picha ya ukurasa wa barua ya 1976 uliyonitumia kwenye simu nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Nitaifikia. Kwanza nikwambie jambo moja ambalo nimelijua kwa kukosea.

Miaka mingi iliyopita familia moja ya hapa Arusha iliniomba niwaharirie kijitabu cha mzee wao. Alikuwa mwalimu, alitoka Burundi, na alikuwa akiandika mashairi ya kukosoa kila kitu, kuanzia bei ya maharage sokoni hadi mahubiri ya Jumapili. Watoto waliniomba nipunguze makali. Nikayapunguza. Nikabakiza mashairi mawili ya mvua na moja la mama yake, nikaandika kuwa alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Siku ya kumbukumbu, pale Ngarenaro, mzee mmoja wa rika lake alichukua kijitabu akakisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho. Akageuza jalada la nyuma kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha akanirudishia mkononi. "Mwalimu," akasema, "huyu simjui."

Tangu siku ile sijapunguza tena makali ya mtu. Ninachofanya sasa, na ndicho ninachokuomba ufanye, ni kurudisha kila kauli kwenye siku yake na kwa yule ambaye ilikuwa inamjibu. Mtu wa hoja haongei hewani. Anajibu. Ukiikata barua ya 1976 ukaiweka peke yake kwenye karatasi nyeupe, itasomeka kama matusi kwa wajomba zako. Ukiweka pembeni yake kilichotokea mwezi ule, itasomeka kama mtu aliyekuwa na uchungu na jambo lililowaumiza wengi. Mkiziondoa hoja zote mtabaki na karani mstaafu aliyependwa na wajukuu, na baba yenu hakuwa huyo peke yake.

Ile historia fupi ya marehemu mliyoisoma siku ya mazishi msiidharau. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akaugua, ameacha mjane na watoto na wajukuu. Ilitengenezwa isomwe kwa dakika kumi juani, watu wakiwa wamesimama, na kwa kazi hiyo inafaa. Ila msiichukue ile mkairefusha mkaiita kijitabu. Ukianza na "alizaliwa" utafika kwenye barua zake ukiwa umechoka, na msomaji naye amechoka. Anza na tranka.

Sasa nije kwa kaka yako, kwa sababu yeye ndiye mwenye hofu kubwa na hofu yake si ya kuchekwa. Watu wameulizwa uraia nchi hii, wengine ofisini, wengine kwenye ugomvi wa shamba tu. Mtu akiona jina lenu anajua si la mlimani. Naelewa anavyotaka kufunga mlango. Lakini mlango haufungwi kwa kunyamaza. Tafuteni cheti cha baba cha uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba. Kama kipo, andikeni tarehe yake kwenye kijitabu, waziwazi, sentensi moja. Tarehe moja itajibu maswali mengi kuliko kurasa nzima za kukwepa.

Na hiyo Nyasaland ndiyo inayoeleza kila kitu. Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Septemba ya mwaka huohuo, hata miezi mitatu haijatimia, Banda aligombana na mawaziri wake, wengine akawafukuza, wengine wakajiuzulu, na wengi wakakimbilia Tanzania na Zambia pamoja na wafuasi wao. Mmoja wao alikuwa Kanyama Chiume, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Huyu utotoni alilelewa huku huku Tanganyika, kwa hiyo alirudi kwenye lugha aliyoijua. Akafanya kazi ya uandishi wa habari, akaandika vitabu kwa Kiswahili, na hakurudi kwao mpaka 1994, Banda alipoondolewa kwa kura. Miaka 30. Sisemi baba yenu alikuwa mtu wa Chiume, sina ushahidi huo na wewe usiuandike kama huna. Nasema alivuka Songwe na wimbi lile, akiwa kijana wa miaka kama 26, na mtu aliyeona uhuru ukimgeukia ndani ya mwaka mmoja hawezi kusoma gazeti kama mtu mwingine. Tafuta barua zake za 1991 na 1992, wakati Tume ya Jaji Nyalali inazunguka kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi. Alikotoka kulikuwa na chama kimoja, na Banda alikuwa amejifanya rais wa maisha tangu 1971. Huku alikokaribishwa nako kulikuwa na chama kimoja. Upande wowote alioshika, ile barua ina uzito ambao barua ya mtu aliyezaliwa Kibosho haiwezi kuwa nao. Ukificha Nyasaland, msomaji ataisoma bila kujua anasoma nini.

Kisha mwambie kaka kwamba baba hayuko peke yake. Uandishi wa nchi hii umejaa wageni wenye maneno. Gazeti la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika, Kwetu, lilianzishwa mwaka 1937 na Erica Fiah, muuza duka wa Dar es Salaam aliyetoka Uganda. Fiah aligombana na serikali ya Mwingereza, akagombana na wafanyabiashara, akagombana na makarani wenzake Waafrika waliojiona wamefika. Leo hii mtu akitaka kujua mwananchi wa kawaida wa Dar es Salaam alikuwa analalamika nini kabla ya vita ya pili, anakwenda kwa yule Mganda.

Wa pili ni wa huku kwetu kaskazini, na huyu napenda sana kumsimulia kwa sababu vijana wa Arusha hawamjui. Sophia Mustafa alizaliwa India mwaka 1922, akakulia Kenya, akaja Tanganyika na mumewe aliyekuwa mwanasheria. Mwaka 1958 uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, la sivyo kura imeharibika. TANU waliukubali mpango huo kwa shingo upande kwenye mkutano wa Tabora Januari 1958, wakaamua kuunga mkono Wazungu na Wahindi wanaokubaliana nao. Kwa Jimbo la Kaskazini, kiti cha Mhindi kilichukuliwa na mama huyu. Fikiria mama wa Kihindi, mgeni wa miaka michache, anasimama mbele ya wakulima wa kahawa na wafugaji kuomba kura, na anazipata. Mwaka 1961 alitoa kitabu kuhusu safari ile, kwa Kiingereza, na ndani yake anaeleza misimamo yake bila kujificha. Kisha akiwa mzee, Kanada, akaandika riwaya mbili. Alifariki huko mwaka 2005. Nilipokuwa nafundisha niliwahi kuwauliza darasa zima nani anamfahamu. Hakuna mkono ulioinuka. Hatukumpoteza kwa sababu alikuwa mgeni. Tumempoteza kwa sababu hatujamsimulia.

Yeye na wenzake walikuwemo pia katika hali iliyozaa mjadala wa uraia wa Oktoba 1961, bungeni, wiki chache kabla ya uhuru. Baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Nyerere alisimama akakataa, na akasema wazi kuwa serikali yake itajiuzulu kama hoja ile itapita. Haikupita. Baba yenu alivuka mpaka miaka minne baadaye akaingia kwenye nchi iliyokuwa imeshalijibu swali hilo. Mwonyeshe kaka hilo.

Na lile jina, "Mgeni wa Siku ya Tatu". Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanangu, hilo ni jina zuri kuliko majina mengi ya kalamu niliyokutana nayo. Anasema: ndiyo, mimi ni mgeni, na siku zangu mbili za kupakuliwa wali zimekwisha, nipeni jembe nilime nanyi, na mwenye jembe mkononi ana haki ya kusema shamba linavyolimwa. Kila alichokifanya kwa miaka 40 kimo humo. Liwekeni kwenye jalada. Kaka akiliona pale kubwa, huenda akaelewa kuwa baba mwenyewe hakuona haya ya kuitwa mgeni.

Hata lile kaburi linaingia hapo. Kwa Mchagga kihamba si shamba la migomba na kahawa tu, ndiko waliko babu zake chini ya ardhi, ndiko anakorudishwa hata akifia Mwanza. Kumpa mkwe sehemu pale si jambo dogo, wajomba zenu walimheshimu sana, na hilo liandikwe kwa shukrani. Naye akakataa. Wapo watakaosema ni kiburi. Mimi naomba umuulize mama: alikataa lini, alisema maneno gani, walikuwa wamekaa wapi? Maneno yake yenyewe yaandike yalivyo, hata kama ni machache. Usimwekee sababu mdomoni.

Turudi kwenye ile picha. Ni nakala ya kaboni, karatasi nyembamba ya kama ngozi ya kitunguu, wino wa buluu uliofifia pembeni. Taipureta yake ilikuwa na herufi r inayoruka juu ya mstari, umeona? Kila "wakulima" imenyooka, kila "serikali" ina r iliyopanda kama mtoto kwenye ukuta. Pembeni kwa kalamu ameandika "hawakuchapa", na chini yake, kwa wino mwingine, "wamechapa nusu". Alikuwa anafuatilia. Alikuwa ananunua gazeti kila siku kuangalia. Lakini kilichonishika ni mstari wa sita. Kuna neno alilolifuta kwa kupiga herufi x juu yake mara nne, na mbele yake akaandika "wazembe". Nimelikuza nikaligeuza huku na huku. Herufi zilizo chini ya zile x zinasomeka w, e, z, i. Wewe unayo karatasi yenyewe, ishike dhidi ya dirisha uhakikishe.

Kama nimesoma sawasawa, baba yako alikuwa ameandika kwamba viongozi wa chama ni wezi, akasimama, akarudisha mashine nyuma, akafuta, akaandika wazembe. Peke yake, usiku, bila mhariri. Wajomba wanaoogopa barua ile waonyeshe mstari huo. Na wewe ukumbuke mstari huo tutakapofika 1983.

Kuhusu kahawa yenyewe, ukurasa mmoja wa maelezo utatosha, ila uwe na mambo haya. Wachagga walianza kujipanga wenyewe kuuza kahawa mwaka 1925 na KNPA, chama cha wakulima wenyewe, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Kwa miaka zaidi ya 40 chama kile kilijenga shule, kikalipa ada za watoto, kikawa fahari ya mlima. Mei 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kahawa ikapelekwa kwa mamlaka ya serikali. Na tazama wakati wenyewe: Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikawa inapanda mwezi hadi mwezi mpaka 1977. Yaani mkulima wa Old Moshi alinyang'anywa chama chake katika miaka ambayo kahawa ilikuwa dhahabu. Hasira ilikuwa imejaa kila baa na kila baraza la kanisa. Ndipo karani mmoja kutoka Nkhata Bay anaandika gazetini kwamba ndiyo, serikali imekosea, lakini na ninyi wenye chama mlikilea vibaya. Alichagua wiki mbaya kuliko zote kusema. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na inasimulika.

Kwa hiyo barua iingie. Na ukurasa unaoitazama umpe mjomba. Usimwombe ruhusa, mwombe majibu. Mpelekee nakala, mwache nayo wiki moja, kisha keti naye na kinasa sauti cha simu. Aeleze chama cha msingi kilivyokuwa, vitabu vilivyoandikwa, nani alipunja na nani hakupunja, na alivyojisikia kumsoma shemeji yake gazetini. Kama bado ana hasira baada ya miaka yote hii, andika kwa hasira hiyo hiyo. Nina hakika baba yenu angeusoma ukurasa huo kwanza kabla ya wake. Halafu tafuta barua za 1982 sheria mpya ya ushirika ilipotungwa, na za 1984 KNCU iliporudi. Watu wa misimamo hubadilika kimya kimya, na ukimwacha mtu amesimama kwenye kauli yake ya 1976 wakati yeye mwenyewe alishasogea, umemdhulumu.

Mbinu za mikono nitazipitia haraka. Tranka zitoke sakafuni leo, ziwekwe juu ya matofali au meza, mbali na ukuta, kwa sababu Pasua mchwa hawana likizo. Toa pini na raba bendi zote, pini zinaacha kutu na raba zinaganda. Usibandike selotepu popote, usipeleke steshenari kuvika plastiki: plastiki ya moto ikishaingia haitoki na karatasi haipumui. Vipande vya magazeti vitenge na barua, maana karatasi ya gazeti ina tindikali, inageuka njano, inakatika, na inachafua jirani yake. Weka karatasi nyeupe katikati na utoe fotokopi mapema. Piga picha kila ukurasa karibu na dirisha asubuhi, bila taa ya simu, na faili ulipe jina kwa kuanza na mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe. Weka kwenye fleshi mbili, moja isikae nyumbani kwenu. Na usivuruge mpangilio aliouacha. Ukikuta barua ya 1969 imelala na stakabadhi ya shule ya 1988, piga picha zikiwa zimelala hivyo, huenda alikuwa na sababu.

Barua ambazo zimo kwenye tranka bila nakala iliyochapishwa, zitafute. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki yenye magazeti ya zamani. Ngurumo, iliyosomwa sana na watu wa kawaida kuanzia 1959, ilikufa 1976, kwa hiyo barua za baba za miaka yake kumi ya kwanza hapa nchini zinaweza kuwa humo. Uhuru nayo ipitie.

Haki ya maneno yake ni yenu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hiyo inarithiwa kama kihamba kinavyorithiwa. Lakini barua ambazo wengine walimwandikia yeye ni kinyume: karatasi ni mali yenu, maneno ni ya walioyaandika au warithi wao. Kabla ya kuchapa hizo, bisheni hodi.

Kiswahili chake usikisahihishe. Najua mkono utawasha. Utakuta amechanganya ngeli, utakuta neno la kwao limeponyoka. Makosa ya vidole rekebisha, mengine yaache. Ukikuta mahali ameandika "kwacha", usidhani anazungumzia fedha tu. Kwa Kichewa cha kwao Malawi ni "kumekucha", na lilikuwa neno la kudai uhuru kabla halijawa sarafu mwaka 1971. Weka maelezo mafupi chini ya ukurasa. Mtu aliyejifunza lugha yetu ukubwani akaitumia kutugombeza kwa miaka 40 alituheshimu, na alama za kujifunza kwake ni sehemu ya heshima hiyo.

Unapowahoji waliomfahamu, usiulize alikuwa mtu wa aina gani. Utapewa mcheshi, mkarimu, mchapakazi, na utarudi nyumbani mikono mitupu. Uliza siku. Nikumbushe siku mliyobishana ikawa mbaya. Alikuwa anakaa wapi akiandika? Gazeti likifika alisoma ukurasa gani kwanza? Alikasirika kwa sauti au kwa kunyamaza? Mtu akianza kusema "siku moja," acha kalamu, mwangalie.

Sasa hiyo ya 1983. Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo nzito.

Wasomaji wadogo wa kijitabu hawatajua hali ilivyokuwa, kwa hiyo waeleze. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na ulikuwa bado umefungwa, vita ya Amin ilikuwa imekula fedha za nchi, sukari na sabuni na khanga vikawa vya kupanga foleni au kupata kwa magendo kupitia Holili na Tarakea. Machi 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ulianza msako wa wahujumu uchumi. Maduka yalipekuliwa, watu walitupa bidhaa mitoni usiku wakiogopa kukutwa nazo. Wananchi waliambiwa wataje. Baba yako akataja.

Hapa nabadilisha kanuni yangu. Barua ya kahawa ni maoni, hata kama yanauma. Ile ya 1983 ni tuhuma dhidi ya mtu mmoja kwa jina, na mtu huyo hakukutwa na kosa. Jina lake lisichapwe. Wala duka, wala mtaa kwa namna ambayo kila mtu wa Pasua atajua. Usiandike pia kwamba barua ya baba ndiyo iliyomfungisha, kwa sababu hulijui hilo, mwaka ule walitajwa wengi na waliotaja walikuwa wengi. Lakini usilifute tukio. Andika kwamba mwaka 1983 aliandika barua moja iliyomtuhumu mtu ambaye hakuwa na hatia, na kwamba mtu yule alikaa ndani miezi mitatu. Sentensi mbili tu, bila kumtetea. Yule aliyewahi kufuta "wezi" akaandika "wazembe", safari hii hakurudisha mashine nyuma. Anayekisoma kijitabu chote ataliona mwenyewe.

Na ile barua ya 1991 isiingie kabisa. Najua ndiyo inayokuvuta, najua ungependa kufungia nayo ukurasa wa mwisho, na ingeliza watu kanisani. Lakini aliandikiwa jirani, haikuandikiwa sisi. Kama jirani yupo hai, ni yake. Kama hayupo, ni ya mjane na watoto wake. Kuichapa kabla hawajaisoma ni kuomba msamaha mbele ya watu ili baba aonekane mwema, wakati wenye kuombwa wamekaa safu ya nyuma wanaisikia kwa mara ya kwanza.

Nenda na mama, akikubali. Asipokubali sasa, subiri, hata kama ibada itapita. Msiende na kaka wala wajomba, wawili wanatosha. Mpeleke barua yenyewe, siyo fotokopi, ndani ya bahasha ambayo haijafungwa. Usiisome kwa sauti na usieleze kilichomo. Salimieni, ulizeni hali, kaeni mpaka chai iishe, kisha sema, hii ni yenu, tuliikuta kwenye vitu vya mzee, tumechelewa kuileta. Wakiirudisha, ipokee. Wakiichana mbele yenu, nyamazeni. Na wakisema ichapeni, waulize wanataka iandikwe pamoja na nini cha kwao.

Nitakuwa Moshi wiki ya kwanza ya mwezi ujao kwa shughuli ya kanisa. Tranka ile yenye barua za 1976 niletee kama ilivyo, usiipange. Nataka kuziona zile r.